"Waranti Imeisha" Siyo Sheria! Staa Alisema TV Hazifi, Zimekufa, Sasa Anabloku Wateja

Alhamisi iliyopita saa nane mchana, jua la Kariakoo likichoma kama halina kazi nyingine, bajaji moja ilisimama Mtaa wa Aggrey. Ndani yake alikuwemo dada mmoja amekumbatia TV ya inchi 43, kaifunga kwa khanga mbili utadhani anampeleka mgonjwa Muhimbili.

Dada huyu ana saluni ya kusuka maeneo ya Ilala, viti vitatu tu. TV aliinunua kwa shilingi 720,000, hela ya mchezo, zamu yake ilipofika. Wala hakuinunua kwa mbwembwe. Mteja wa rasta anakaa saa tano kwenye kiti, na kama hakuna tamthilia ya kuangalia anahamia kwa jirani. Ile TV ilikuwa inaingiza hela kama draya inavyoingiza. Na siku ya kununua alimwambia kijana wa dukani wazi kabisa kwamba anataka ya saluni, ya kuwaka asubuhi mpaka usiku. Akajibiwa, "Hii ndiyo yenyewe dada, usiwe na wasi."

Ikafa. Sauti inasikika vizuri, picha hakuna, kioo cheusi tii. Ilikufa siku 19 baada ya kadi ya waranti ya mwaka mmoja kuisha.

Kijana wa dukani hakuigusa hata hiyo TV. Akaangalia kadi, akaangalia tarehe kwenye simu yake, akairudisha kadi.

"Dada yangu, waranti imeisha."

"Kaka angu, imepita wiki mbili na siku tu. Naomba hata muifungue muiangalie."

"Hata ingeisha jana usiku, imeisha ni imeisha. Sisi hapo hatuna la kufanya. Labda uongeze hela kidogo uchukue nyingine."

Hiyo "hela kidogo" ilikuwa laki tano.

Dada akakumbuka kilichomleta duka lile tangu mwanzo. Akamwambia kijana kwamba alielekezwa pale na staa fulani, akamtaja jina, na kwamba staa mwenyewe alisema TV hizi hazifi. Kijana akacheka. "Sasa si umfuate yeye?"

Akamfuata. Akamuandikia ujumbe Instagram kwa adabu zote, na picha ya kadi juu. Kesho yake asubuhi akakuta amepigwa bloku.

Staa mwenyewe jina kapuni, lakini wanaofuatilia Bongo Movie wanamjua. Wafuasi zaidi ya milioni mbili, ndoa moja iliyotikisa mji, na siku hizi filamu hachezi sana, anacheza matangazo. Leo wigi, kesho sabuni ya kung'arisha, keshokutwa viwanja vya Kigamboni. Tangazo la TV alilipandisha akiwa sebuleni kwake, ukuta mzima TV, akasema, "Hizi hazifi jamani, hata mimi ndizo ninazotumia. Ukifika dukani mwambie nimekutuma, utapunguziwa." Watu wakaenda. Wakapunguziwa elfu ishirini. Baada ya mwaka na kitu malalamiko yakaanza kumiminika chini ya posti, komenti zikafungwa, na kwenye stori yake likatoka jibu moja tu: "Mimi siyo fundi TV, msinichoshe."

Ni kweli siyo fundi TV. Ila siku anasema hazifi hakusema kwamba siyo fundi. Siku ile alikuwa mtaalamu, ameshika rimoti, anazungusha chaneli. Utaalamu umeisha siku moja na waranti.

Tumuache kwanza staa, atarudi. Habari kubwa iko kwenye yale maneno mawili ya kijana wa dukani. "Waranti imeisha." Mjini hapa maneno hayo yanatumika kama hukumu ya Mahakama ya Rufani. Mtu akishaambiwa hivyo anabeba kifaa chake, anapanda daladala, anaenda kukiweka juu ya kabati. Hakuna anayeuliza kwani waranti ni nini hasa, na nani aliyesema haki ya mnunuzi inakufa siku hiyo.

Waranti ni ahadi ya ziada ya muuzaji au kiwanda. Anasema, ndani ya miezi 12 kikiharibika leta, sitauliza maswali mengi, nitatengeneza au nitabadilisha. Ni jambo zuri. Lakini ni ahadi yake yeye, kaiandika yeye, na tarehe kaipanga yeye. Sheria haikumsubiri yeye achapishe kadi ndiyo impe mnunuzi haki. Mnunuzi alikuwa nazo tangu anahesabu noti kaunta.

Tanzania kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ipo tangu enzi za mkoloni. Kwa lugha ya mtaani inasema hivi: anayefanya biashara ya bidhaa fulani akimuuzia mtu bidhaa hiyo, lazima iwe na ubora wa kufaa kuuzwa kwa jina hilo. Na kama mnunuzi amesema anaitaka kwa kazi gani, akategemea ujuzi wa muuzaji, basi bidhaa iifae kazi ile. Rudi sasa kwa dada wa saluni. Alisema ya saluni, kuwaka asubuhi mpaka usiku. Akaambiwa hii ndiyo yenyewe. Hapo kwenye kaunta, bila kadi yoyote, muuzaji alishabeba mzigo.

Halafu ipo Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, ambayo msimamizi wake ni Tume ya Ushindani, ile ambayo watu wanaijua kwa jina la FCC pale inapokamata mizigo feki. Watu wanadhani kazi yake ni feki tu. Sheria hiyo inakataza mtu yeyote kwenye biashara kufanya jambo la kupotosha au linaloweza kupotosha wateja. Inakataza pia kudanganya kuhusu waranti na kuhusu haki alizonazo mnunuzi. Na ina masharti yanayoingia kwenye mauzo ya mlaji yenyewe, hata kama kwenye risiti hakuna aliyeyaandika.

Kwa hiyo duka linalomwambia mteja "huna haki yoyote kwa sababu kadi imeisha" halijakosea lugha tu. Linampotosha mtu kuhusu haki zake, mchana kweupe, kwenye kaunta yake yenyewe.

Na kuna moja ambayo wenye maduka hawapendi kabisa isikike. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa mtu kufungua dai linalotokana na mkataba. Miaka 6! Kununua TV ni mkataba, hata kama hakuna karatasi ya mwanasheria. Kadi inasema miezi 12, sheria ya kudai inasema miaka 6, halafu mtu mzima anafukuzwa dukani kwa sababu ya siku 19.

Isieleweke vibaya. Miaka 6 haimaanishi kila TV ina waranti ya miaka 6. Mtu aliyeangusha simu kwenye ndoo ya maji atulie nyumbani kwake. Aliyemwagia kompyuta mpakato chai ya maziwa naye atulie. Na kifaa kikikaa miaka minne kikachoka, kimechoka, hakuna wa kumlaumu. Tofauti ya ndani ya waranti na nje ya waranti ni nani anathibitisha. Ndani ya waranti mteja analeta kifaa tu, biashara imekwisha. Nje ya waranti ni yeye anayetakiwa kuonyesha kwamba ubovu ulikuwemo tangu siku ya kwanza, ulikuwa umelala tu. Ni kazi, na inazidi kuwa ngumu kadiri miezi inavyokwenda. Lakini kazi ngumu na haki iliyokufa ni vitu viwili.

Pale Feri, Kivukoni, mtu akinunua samaki anafungua shavu, anaangalia kama ni jekundu, ananusa, anabonyeza. Samaki aliyeharibika hajifichi. TV haina shavu la kufungua. Simu hainuki. Ubovu wake umefungwa na kiwanda kwa skrubu, na anayejua tabia ya mzigo ule ni anayeuza mia kwa mwezi, siyo anayenunua mmoja kwa miaka mitano. Ndiyo maana sheria ikampa mzigo muuzaji.

Sasa ile TV ya saluni ilikuwa na nini? Dada aliipeleka kwa fundi, mitaa miwili tu kutoka dukani, mmoja wa wale wanaofanyia kazi kwenye meza barazani, feni ndogo inampuliza. Fundi hakuifungua kwanza. Aliiwasha, akachukua tochi ya simu akaimulika kioo kwa karibu. Picha ikaonekana kwa mbali, hafifu, watu wanatembea gizani. Akasema taa za nyuma zimeungua. Kioo kizima, bodi nzima, spika nzima. TV nyingi za siku hizi kioo hakitoi mwanga chenyewe, nyuma yake kuna mistari ya taa ndogo za LED. Kwenye TV nyingi za bei ya chini kiwanda kinazisukumia taa hizo umeme mwingi ili picha ing'ae ikiwa dukani, mteja avutike. Zinawaka kwa joto kali, moja inakatika, na kwa sababu zimeunganishwa kwa mfuatano zinazima pamoja.

Kwa toleo lile, fundi alisema, ya dada ilikuwa ya saba kuletwa kwake mwaka huu, zote ugonjwa mmoja. Akabadilisha taa, akapunguza umeme unaokwenda huko ili zisiungue tena, akachukua shilingi 60,000.

Elfu sitini! Duka lilitaka laki tano kwa ugonjwa wa elfu sitini. Wangapi wameongeza hiyo "hela kidogo" wakaondoka na TV nyingine ya toleo lile lile, yenye taa zile zile? Na ile waliyoiacha dukani ikaenda wapi? Kariakoo kila mtu anajua inakwenda wapi. Inabadilishwa taa, inafutwa vumbi, inaingia kwenye boksi, inauzwa tena.

Ukiwauliza wenye maduka, majibu yao yanajulikana kwa mpangilio.

La kwanza ni umeme. "Umeme wa Tanesco huo, siyo sisi." Kweli umeme wa mjini unaruka, na umeua friji za watu kibao. Ila fundi yeyote anaweza kutofautisha. Umeme ukipiga huwa unaanza na sehemu ya kupokea umeme, fyuzi inakatika, kapasita zinavimba. Hauruki vyote hivyo ukaenda kuchagua taa za nyuma peke yake, tena kwenye TV saba za nyumba saba tofauti.

La pili ni "umeshaifungua, sili imevunjika". Kile kistika cha fedha kwenye skrubu kimeogopesha watu wengi sana. Marekani, mwaka 2018, Tume ya Biashara ya Shirikisho iliziandikia kampuni 6 barua za onyo kwa sababu ya maneno ya aina hiyo, kumwambia mteja waranti inakufa akitengeneza kwingine au akitoa stika. Na kwa dada wa saluni kichekesho ni kwamba duka lilikataa kuifungua, kisha aliporudi likalalamika kwamba imefunguliwa. Alitakiwa aione kwa maombi?

La tatu limechapishwa kabisa chini ya risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Hiyo ina mantiki kwa mtu aliyenunua viatu vyekundu akafika nyumbani akatamani vyeusi. Duka halilazimiki kumbembeleza. Ila kuichapisha kwenye risiti hakugeuzi kitu kibovu kuwa kizima. Ingekuwa hivyo, kila muuza dawa feki angenunua mhuri na mambo yangekwisha.

La nne ndilo lenye uzito kidogo, bei. "Umenunua ya bei rahisi, ulitegemea nini?" Sawa. Sheria yenyewe inaangalia bei. Aliyelipa laki saba hawezi kudai mambo ya TV ya milioni tatu. Picha ikiwa na rangi kidogo za kubahatisha, avumilie. Lakini bei rahisi inapunguza ubora, haifuti kazi. TV ya laki saba nayo ni TV. Hakuna mtu Dar aliyewahi kuambiwa kaunta kwamba "hii ni ya miezi 13". Wangesema hivyo, bei ingekuwa laki mbili na hakuna ambaye angelalamika.

Wa kumhurumia yupo pia, siyo kwamba hayupo. Kijana wa kaunta analipwa kwa siku, hana mamlaka ya kurudisha hata chaja. Na mwenye duka lenye mlango mmoja mara nyingi kanunua mzigo kwa tajiri mwenye kontena, na tajiri kanunua China, Guangzhou, bila kuuliza spea. Naye akirudi kwa tajiri anaambiwa yale yale. Lakini huo ndiyo mnyororo unavyotakiwa kuvutwa: mteja amvute mwenye duka, mwenye duka amvute tajiri wa kontena. Ukikatika kwenye kaunta, tajiri hajui kama mzigo wake ni mbovu, na kontena lijalo linakuja na taa zile zile.

Mji huu una kumbukumbu fupi. Juni 2016, baada ya miezi kama 6 ya matangazo, TCRA ilizima simu feki nchi nzima usiku mmoja, zaidi ya 600,000. Watu walibonyeza *#06# na kutuma namba ya IMEI kwenda 15090 kuangalia kama simu zao zitaamka. Hatua yenyewe ilikuwa na sababu zake. Lakini nani alilipia? Simu zile hazikuota kwenye miti ya Mnazi Mmoja. Ziliuzwa madukani, kwenye mitaa hii hii, na watu wenye fremu na majina. Asubuhi ya kuamkia tarehe 17 mnunuzi ndiye aliyekuwa na kipande cha plastiki mkononi, na mchana akawa tena Kariakoo akinunua nyingine, wengine kwa muuzaji yule yule. Na kurudi kudai hela kunahitaji karatasi. Bila risiti ni kazi.

Hata dada wa saluni hapa kidogo ateleze. Siku ya kununua aliulizwa swali la Kariakoo ambalo kila mtu amewahi kuulizwa: "Unataka na risiti au bila?" Na risiti ya mashine bei ilikuwa inapanda. Akachukua ya kuandikwa kwa mkono, yenye mhuri. Wadau, ule unafuu wa elfu kadhaa ndiyo bei ya kuuza ushahidi wako. Risiti ya EFD ina jina la mfanyabiashara, tarehe, kiasi na namba ya mlipa kodi, duka haliwezi kuikana. Na kumbe kisheria hata mnunuzi asiyedai risiti anaweza kupigwa faini, kwa hiyo mtu anapoteza pande zote mbili. Bahati ya dada ni kwamba alilipa kwa simu, na ujumbe wa muamala ulikuwa bado upo.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya Ulaya. Kweli Ulaya wametangulia. Nchi za Umoja wa Ulaya muuzaji anabanwa na sheria kwa miaka isiyopungua miwili, hata kadi ikisema mwezi. Lakini siyo Ulaya tu. Hapo Kenya, Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 46, inampa mlaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili. Imeandikwa kwenye Katiba, siyo kwenye kadi ya duka.

Na wale wa macho matatu wakumbuke kisa chao. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu zake zilikuwa zinapunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka. Simu nyingi zilizohusika zilikuwa za miaka kadhaa. Je, kampuni ilijibu "waranti imeisha"? Ingependa. Watu walipiga kelele na kwenda mahakamani, bei ya kubadilishiwa betri nje ya waranti ikashushwa kutoka dola 79 hadi 29, na mwaka 2020 kampuni ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi Marekani. Ufaransa nayo ikaitoza faini ya euro milioni 25. Kampuni tajiri kuliko nchi nyingi ililipa kwa simu za zamani. Duka la milango miwili Aggrey linasema haliwezi elfu sitini.

Sasa turudi kwa mheshimiwa staa.

Sheria ya Ushindani haikusema "muuza duka asipotoshe". Inasema mtu yeyote, kwenye biashara. Aliyelipwa kusema TV hazifi hakuwa anapiga stori na mashoga zake. Ilikuwa kazi, ina malipo, ina mkataba, na pengine TV za bure juu. Mtu akisema kitu kwa hela ili watu wengine watoe hela, hiyo ni biashara. "Mimi siyo fundi" ingekuwa sawa kama angesema "nimelipwa kuwaonyesha duka hili, ubora kaangalieni wenyewe". Alisema hazifi. Tena alisema anazitumia yeye. Waliowahi kufika nyumbani kwake wanasema sebuleni kuna TV moja, ya kampuni nyingine kabisa, na ule ukuta uliojaa TV ulikuwa wa dukani. Hilo alijibu mwenyewe, kama ana la kujibu.

Na siyo yeye peke yake. Kuna mtangazaji wa redio mwenye sauti nzito aliyeuza spika zilizopasuka ndani ya wiki. Kuna kijana wa Bongo Fleva, wimbo mmoja tu mkubwa, aliyenadi simu "mpya kabisa boksi" ambazo zilipofunguliwa zilikuwa na picha za harusi ya Mwarabu ndani. Wote hao wana watu wa kuwasimamia, wana wapiga picha, wana wa kuwabebea mikoba. Hakuna hata mmoja wa kuuliza maswali matatu kabla hajasaini: duka linatoa risiti ya mashine? Lina fundi na spea za hicho kinachouzwa? Kikifa mwezi wa 13, mteja anapokelewa na nani? Mtu mwenye mashabiki milioni mbili ana nguvu ya kulazimisha duka lijibu. Dada wa viti vitatu hana. Ndiyo maana yeye kulipwa na dada kubloku ni jambo la aibu, na komenti zikifungwa aibu haifungwi nazo.

Dada hakukaa kimya. Alimwomba fundi aandike kwa mkono kilichokuwa kibovu, toleo la TV, tarehe, na kwamba amekutana na ugonjwa ule mara saba, akasaini. Taa zilizoungua akazihifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Akapiga picha tangazo la staa kutoka simu ya rafiki yake, maana yeye amebloikiwa, likiwa na tarehe juu. Kisha akaandika barua ya nusu ukurasa kwenda dukani, kwa Kiswahili cha kawaida tu: nilinunua siku fulani, nikasema ni ya saluni, imekufa kwa ubovu uliokuwemo, nadai 60,000 za matengenezo ndani ya siku 14, la sivyo nakwenda Tume ya Ushindani na Mahakama ya Mwanzo. Mahakama ya Mwanzo ipo Kariakoo hapo hapo, inaendeshwa kwa Kiswahili, na dai dogo kama hilo ndiyo mahali pake. Akatengeneza nakala mbili, akataka moja isainiwe kwamba imepokelewa.

Kijana wa kaunta, yule yule, aliisoma mara mbili. Safari hii hakucheka. Akapiga simu nje ya duka kwa dakika kama kumi, akarudi.

"Dada yangu, bosi yuko China. Akirudi atakupigia."

"Sawa kaka angu. Nisainie tu hapo kwamba umeipokea."

Akasaini. Siku zinahesabiwa, zimebaki tisa. TV imerudi ukutani saluni, inaonyesha vizuri isipokuwa kona ya chini kushoto ina kivuli, na wateja wa rasta wameshazoea.

Jumatatu jioni staa kapandisha posti mpya, komenti zimefungwa tangu mwanzo. Ni friji, milango miwili. Waranti, mwaka mmoja.